Nyar Kendu na Rangi Tatu

Kila asubuhi Roseline alimkamua Nyar Kendu huku akimsimulia habari za majirani. Ng'ombe alisikiliza na kutafuna. Pale kijijini Ogwedhi huenda ndiye peke yake aliyejua kutunza siri.

Kwa Kijaluo, Nyar Kendu maana yake ni binti wa Kendu. Mama mzazi wa Roseline, aliyeishi Kendu Bay, alimpa ng'ombe huyo akiwa bado ndama. Maziwa yake yalimsomesha Lynnet, binti wa Roseline, mpaka akamaliza masomo ya kompyuta kule Migori mjini. Kwa hiyo nyumbani humo Nyar Kendu aliheshimiwa sana. Hata Willis, baba yake Lynnet, alimpisha njiani.

Mwaka huo kikundi cha wafugaji kilimpa Lynnet kazi.

"Tutengenezee kitu cha simu," walimwambia. "Kila mtu aandikishe ng'ombe zake. Ikipotea, mwenye ameiona aitafute humo ajue ni ya nani."

Lynnet alifurahi. Alijifungia chumbani miezi miwili na kompyuta yake. Chai ilipoa mlangoni. Mama yake akigonga alijibu, "Bado, Mama. Utaona tu."

Siku ya kuzindua mfumo huo, mbuzi alichinjwa. Watu walikula, wakapiga makofi. Mwezi ulipokwisha, ng'ombe mia nne walikuwa wameandikishwa. Kila mfugaji aliandika jina lake, namba ya simu na rangi ya ng'ombe. Rangi za kuchagua zilikuwa tatu: nyeusi, nyeupe na kahawia.

Kisha siku moja ya soko, kundi kubwa la ng'ombe lilipita karibu na boma la Roseline. Nyar Kendu alikata kamba akalifuata. Alikuwa na mimba ya miezi sita.

Walimtafuta sokoni. Walimtafuta mtoni. Hakuonekana.

"Si uko na ile kitu ya simu?" Roseline alimuuliza binti yake. "Mtu akimwona, si atatupigia?"

Lynnet alifungua mfumo wake. Akachagua kahawia. Wakatokea ng'ombe mia mbili na kumi na wanne, wote kahawia, na hakuna alama nyingine ya kuwatofautisha. Mtu aliyemwona Nyar Kendu angempigia nani kati ya hao wote?

"Basi, nyathina," Roseline alisema kwa upole. "Mwanangu, umejaribu." Akaingia jikoni kukata vitunguu. Alikata vitunguu vingi sana siku hiyo, na macho yake yakawa mekundu.

Wiki zikapita. Hakuna aliyepiga simu.

Jirani yao alikuwa Habon, mwenye duka la dawa za mifugo. Kabla ya kufungua duka, Habon alifanya kazi Nairobi miaka tisa, akisimamia miradi ya mifumo ya kompyuta. Lynnet alikwenda kwake kununua sabuni, akaishia kulia juu ya gunia la chumvi ya ng'ombe.

"Kabla hujatengeneza mfumo," Habon alisema, "ulimuuliza nani?"

"Nimesomea kompyuta, Anti."

"Sijauliza umesomea nini. Nimeuliza ulimuuliza nani."

Lynnet alijifuta machozi kwa kiganja.

"Sikiza," Habon alisema, akimpa kitambaa. "Mfumo uko na maisha yake, kama ng'ombe. Kuna mimba, kuna kuzaa, kuna kulea, ndiyo upate maziwa. Huwezi ruka. Kwanza unauliza watu shida yao ni gani. Halafu unachora kwa karatasi, unawaonyesha. Wakikubali, ndiyo unatengeneza. Unajaribu na watu kidogo, unarekebisha penye imekataa. Mwisho kabisa ndiyo unachinja mbuzi. Wewe ulianza na mbuzi."

Lynnet alicheka huku machozi yakimtoka. "Na baada ya mbuzi?"

"Kutunza. Ng'ombe akikosa majani anakauka. Hata mfumo, usipoutunza, utakauka. Na ukizeeka, unaupumzisha unaanza mwingine."

Lynnet alirudi nyumbani bila kufungua kompyuta. Alichukua daftari na kalamu, akakaa jikoni karibu na mama yake.

"Mama, unamjuaje Nyar Kendu kati ya ng'ombe wengine?"

Roseline alimkodolea macho. "Yawa! Umekaa miezi mbili kwa hiyo chumba, na hii ndiyo unauliza leo?" Lakini alikuwa akitabasamu. Akavuta kiti. "Kwanza, yeye si kahawia. Mfugaji gani anasema kahawia? Ile ni ng'ombe nyekundu. Sikio ya kushoto imepasuka kidogo. Pembe ya kulia imeinama, karibu iguse jicho. Na tumboni iko na baka nyeupe, kama mtu amemwaga maziwa."

Lynnet aliandika kurasa mbili. Aliona haya. Alikuwa ameishi na ng'ombe huyo miaka yote, na jibu lilikuwa jikoni kwao.

Baada ya hapo alikwenda sokoni siku tatu za soko mfululizo, akiwauliza wafugaji. Walimtajia rangi kumi na moja. Walimweleza habari za masikio, pembe na mabaka. Habon alibandika karatasi kubwa kwenye ukuta wa duka. Ilionyesha kila kazi, nani ataifanya, na itaisha lini.

Watu nao hawaishiwi na maombi. Mmoja alitaka mfumo useme mvua itanyesha lini. Mwingine alitaka nyimbo za kwaya.

"Hiyo itangoja," Habon alisema. "Tumesema tunatafuta ng'ombe imepotea. Tukibeba yote, hatutafika na moja."

Lynnet alichora michoro, akamwonyesha baba yake, kwa kuwa Willis hakupenda kusoma maneno mengi.

"Hii ni jani ya sukuma wiki," Willis alisema.

"Ni sikio, Baba."

"Basi hiyo ng'ombe ni mgonjwa."

Lynnet alichora upya. Alichora mara nne, mpaka baba yake akaona sikio.

Ndipo akatengeneza mfumo wa pili. Ng'ombe wa kwanza kuandikishwa alikuwa Nyar Kendu, na alama zake zote. Halafu wakaalikwa watu kumi tu waje dukani kuujaribu. Mmoja wao alikuwa Mzee Bogonko, mfugaji wa ng'ambo ya kilima, upande wa Narok.

"Mzee, fikiria ng'ombe yoyote unayoijua, uitafute," Lynnet alimwambia.

Bogonko alivaa miwani. Akachagua nyekundu. Akachagua sikio lililopasuka, kisha pembe iliyoinama. Akatokea ng'ombe mmoja tu. Mzee alisimama ghafla.

"Huyu yuko kwangu!"

"Tangu lini?" Lynnet aliuliza.

"Miezi tatu sasa! Alikuja na kundi nyingine. Nilitangaza hata kanisani. Nilijaribu ile simu yenu ya kwanza, nikatafuta nyekundu, hakuna. Nikasema, basi huyu si wa watu wa hiyo simu."

Jioni hiyo Roseline alivuka kilima akiwa amebeba jogoo wa shukrani. Alimwita Nyar Kendu kwa jina. Ng'ombe aliinua kichwa, akaja mbio. Nyuma yake alifuata ndama wa siku nne, mwekundu kama mama yake.

Mfumo wa pili ulirekebishwa tena, ndipo wafugaji wote wakapewa. Tangu hapo ng'ombe tisa waliopotea wamerudi kwao. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi Lynnet hukaa dukani kwa Habon akisikiliza malalamiko, kisha huenda kurekebisha. Na mbuzi wa kuzindulia mfumo wa pili? Habon alisema aongezewe miezi miwili ya kuishi.

Jumamosi moja Roseline aliingia dukani, akaketi peke yake na simu. Alibonyeza polepole kwa kidole kimoja. Akakataa kusaidiwa.

"Nimeandikisha ndama," alisema alipomaliza. "Angalia kama nimekosea."

Lynnet aliangalia. Rangi, nyekundu. Alama, baka jeupe usoni. Jina, Uliza.

Akasoma mstari wa mwisho, ulioonyesha ndama ni wa nani. Mama yake alikuwa ameandika: Lynnet.

Lynnet alilia. Dukani hapakuwa na kitunguu hata kimoja.