Amiri wa Meli Juu ya Godoro

Joha akirudi kutoka kazini hotelini humuuliza mwanawe kwanza, "Swafiya, umekula?" Siku hiyo hakuuliza. Alishika mwiko kama mwalimu wa chuo cha Kurani.

"Haya, sema tena. Malahayati alipigana mwaka gani?"

Swafiya, mtoto wa miaka sita, alitazama chini. Kesho yake angesimama darasani kueleza habari za Malahayati, mwanamke shujaa wa Indonesia.

"Elfu... elfu moja..."

"Mbona hushiki? Mimi Unguja nilikaririshwa, nikashika!"

Mtoto akaangua kilio. "Kesho siendi skuli!"

Joha akaingiwa na hofu. Alimjua mwanawe. Akiaibika kesho, hatafungua tena mdomo darasani.

Akagonga mlango wa pili. Katika fleti waliyopanga pamoja mtaa wa Karama, huku nchi ya Kiarabu, chumba hicho hukaa Wulan, mwalimu wa chekechea kutoka Aceh, Indonesia. Kiswahili chake amekiokota jikoni, akipika na Joha.

"Dada Joha, khalas, basi, weka mwiko chini," Wulan alisema akicheka. "Mtoto mdogo hashiki miaka. Anashika mtu, na kitu alichofanya. Swafiya, panda godoro. Hii ni meli yako, na wewe ndiye Malahayati."

Swafiya akapanda, mashavu bado yamelowa.

"Mume wako amekufa vitani. Maadui wanakuja tena. Utafanya nini?"

"Nitalia, anti."

"Sawa. Labda hata Malahayati alilia. Halafu?"

Mtoto akafikiri. Akashika kiuno. "Halafu nitawaambia watu, yalla, ng'oeni nanga!"

"Ndivyo! Yeye alimwomba sultani ampe jeshi la wajane. Akapewa. Akawa amiri wa meli za vita, zaidi ya miaka mia nne iliyopita."

Swafiya alikodoa macho. "Mwanamke? Na watu wakamtii?"

"Wakamtii."

Joha akaketi sakafuni kusikiliza. Wali uliungua jikoni, naye hata hakusikia harufu. Hata yeye alikuwa ameshika jina na mwaka tu, mwanamke mwenyewe hakuwahi kumwona akilini.

Kesho yake Joha alipokwenda kumchukua mwanawe, Jumana, mwalimu wa darasa, alimpokea getini pa skuli. "Mama Swafiya, mwanao kapanda kiti, darasa zima kimya! Kisha kawauliza wenzake wao wangefanya nini. Sasa wasichana wote wako juu ya viti, nimeshindwa kuwashusha."

Njiani Swafiya alimvuta mkono. "Mama, na kwetu Unguja, wanawake mashujaa walikuwa nani?"

Joha akatoa simu, akampigia mama yake Unguja.

"Shikamoo mama. Tueleze habari za wanawake wa kwetu. Anza na wewe. Mjukuu wako yupo hapa, anasikiliza."