Muhdhar Hakualikwa Kupamba

"Hizo za taa ndizo," Muhdhar alisema, kidole juu ya kioo cha kaunta. "Zikiwaka ndani ya kava la kompyuta utadhani Diwali."

"Mie nataka memori ya kukatia video," Fairuz akamjibu, "si ya kupigia ngoma."

Charo alicheka mpaka bisibisi ikamponyoka. Huyu ni fundi wa kompyuta pale Makadara. Duka lake limebanana na muuza viazi karai, na kila mashine inayotoka kwake hunukia mafuta na ukwaju, lakini mkono wake hauna mpinzani.

"Kaka, hizo ni DDR5," alisema. "Bodi ya dada ni ya DDR4. Tazama, pengo la kwenye meno liko mahali pengine. Ukilazimisha utavunja, kisha lawama uniletee mie."

"Basi mpe za DDR4. Ana mbili za GB nane, muongeze mbili nyingine matundu yajae."

"Hizo alizonazo ni za kampuni nyingine. Akichanganya, zote zitafuata mwendo wa ile goigoi, au mashine izidi kuganda katikati ya kazi. Mie ningemshauri atoe za zamani zote, aweke mbili za GB thelathini na mbili za boksi moja. Zimepimwa pamoja kiwandani. Matundu mawili yabaki akiba."

"Nipe hizo," Fairuz akakata shauri.

Muhdhar alikunja uso kidogo. Alikuwa karani wa ofisi ya kutoa mizigo bandarini, na kwake yeye kitu kisichowaka taa hakijakamilika. Hata pete ya uchumba aliyomletea Fairuz ilikuwa na mawe saba.

Sasa huyo Fairuz. Kazi yake ilikuwa kupiga video za harusi za Mji wa Kale, upande wa wanawake. Usiku wa kupamba, bibi harusi anapokalishwa atazamwe na wanawake wenzake, mwanamume haingii. Simu huachwa kwenye kapu mlangoni, na kamera ni moja tu, ya Fairuz. Akina mama walimwachia vichwa wazi, mabega wazi, vicheko na machozi yao. Hakuwa na cheti cha chuo chochote. Cheti chake kilikuwa hicho. Ila siku hizi video zilikuwa nzito, na kompyuta yake ya nyumbani ikifika dakika ya ishirini inaganda kama uji wa jana.

"Kabla sijaifungua, dada," Charo alisema, "chomoa diski yako uishike mwenyewe. Memori nitaijaribu kwa programu yangu iliyo kwenye flashi, haihitaji diski. Mashine ilale hapa, diski iende nyumbani."

"Kwani diski ni mali ya wakfu?" Muhdhar aliuliza.

"Ni kawaida ya duka, kaka. Anayepiga harusi za wanawake, diski yake hailali kwangu. Mie nina macho, na sijawahi kuyavua."

Fairuz aliichomoa. Ilikuwa nyembamba kama kijiti cha aiskrimu.

"Ati mashine ya mchumba wangu ilale kwa mwanamume mwingine?" Muhdhar akasema. "Nitaichukua mimi. Kuchomeka memori ni kazi ya dakika tano, kuipa mwendo wake na kuijaribu ni siku moja. Hebu irudishe diski, Fairuz. Bila diski nitajuaje kama video zinakwenda?"

"Muhdhar..."

"Nini? Mwezi wa Shaaban ukifika tutakaa nyumba moja. Au mimi nami ni mgeni?"

Charo alishika kitambaa akaanza kufuta kaunta ambayo haikuwa na vumbi. Swali kama hilo, mwanamke aliyevishwa pete atalijibuje mbele ya fundi na muuza viazi? Fairuz akairudisha diski.

Alhamisi mashine ilirudi, na kwa kweli ilikuwa imepaa. Video ya saa tatu ilitiririka bila kukwama mahali. Fairuz akaandika ujumbe:

"Yaenda kama maji! Mungu akuweke."

Jibu likaja: "Akuweke na wewe, uniweke na mimi."

Jumamosi asubuhi, yuko kwenye kazi yake, simu ikalia.

"Nakuomba kitu," Muhdhar alisema, sauti laini. "Siku yetu usijipake vitu vingi usoni. Uwe vile vile ulivyo."

"Wataniua! Bibi harusi bila rangi?"

"Mbona Tauhida alivua hata wigi na akazidi kupendeza? Yule mwanamke ana moyo, wallahi. Nilimheshimu pale pale."

Fairuz aliachia kipanya.

Tauhida alikuwa ametoka kwenye matibabu ya saratani miezi michache kabla ya harusi yake. Nywele zilikuwa hazijarudi. Usiku wa kupamba alikaa na wigi iliyotiwa maua, na katikati ya nyimbo akaivua mwenyewe, akaiweka mapajani. Mamake akainama akambusu kichwa kile. Wanawake arobaini walilia, kisha wakapiga vigelegele mpaka dari ikatetema. Walipokuwa wakitoka, mama yule alisimama mlangoni akawaambia mmoja mmoja: "La humu limalizike humu." Fairuz hakumwambia hata mamake mzazi.

"Nani kakwambia?" aliuliza.

"Eh?"

"La wigi. Nani kakwambia?"

"Si watu husema..."

"Watu gani? Tulikuwa arobaini. Nitajie mmoja."

Upande wa pili kulisikika lori likirudi nyuma, tii, tii, tii.

"Nilikuwa najaribu memori," Muhdhar akasema.

"Charo alikwambia jaribio lina programu yake."

"Nilitaka faili nzito, Fairuz. Ile ndiyo nzito kuliko zote. Nilidhani nitatazama dakika moja nione kama itakwama."

"Ukatazama ngapi?"

"Fairuz, mpenzi..."

"Ngapi, Muhdhar?"

"Yote."

Saa tatu na robo. Fairuz alizijua, maana alikuwa akizikata kipande kwa kipande.

"Sikunakili," Muhdhar aliendelea haraka. "Sikumwonyesha mtu. Wala sikutazama kwa jicho baya, naapa. Mimi pia nililia."

"Hukualikwa kulia."

"Mimi ndiye mumeo mtarajiwa! Chako si changu?"

"Kompyuta ni yangu. Kichwa ni cha Tauhida."

Hapo sauti ya Muhdhar ilishuka. "Basi tuifukie siri hii. Ajua nani? Wewe na mimi tu. Ukimwambia, hutaitwa harusi nyingine toka Kibokoni mpaka Kuze. Nyamaza, Fairuz. Si kwa ajili yangu, kwa ajili yako."

Fairuz alikata simu. Akakaa akiitazama kompyuta yake, sasa nyepesi, isiyoganda, na akaona afadhali ile iliyokuwa ikiganda.

Alasiri alivaa buibui akapanda ngazi za nyumba ya Tauhida, Kuze. Mumewe, Sheikhan, alikuwa kazini.

"Karibu bibi wa kamera!" Tauhida alimpokea kwa mikono miwili. Kichwani alijitanda leso kivivu tu, na nywele changa zikichungulia kwenye paji. "Umeniletea video yangu?"

"Sijaimaliza. Tauhida, nimekuja na jambo baya. Ukitaka kunifukuza, nifukuze nikishamaliza kusema."

Akasema yote. Hakujipunguzia.

"Diski ilikuwa mkononi mwangu," alimalizia. "Hakuipokonya. Niliirudisha mimi."

Tauhida hakupiga kelele. Alishika pindo la leso akalivuta mbele, likafunika paji lote, ilhali mle chumbani walikuwa wanawake wawili tu. Tusi lolote lingemuuma Fairuz kidogo kuliko hilo.

"Kaona nilipovua?"

"Kaona."

"Sheikhan, mume wangu wa nikaha, nilimwonyesha nikitetemeka," Tauhida alisema polepole. "Nikajiambia, huyu ndiye mwanamume wa kwanza na wa mwisho. Kumbe sasa ameongezeka mwingine, na hata hakubisha hodi."

Fairuz aliinamisha uso.

"Ungenyamaza nisingejua."

"Ndiyo."

"Mbona hukunyamaza?"

"Ningekutana nawe sokoni Marikiti unanisalimia kwa furaha, mimi najua na wewe hujui. Nisingeiweza salamu hiyo."

Tauhida alisimama, akamfungulia mlango.

"Nenda, Fairuz. Sikutukani. Lakini nenda."

Kesho yake Fairuz alimtumia Muhdhar ujumbe kwamba amemwambia Tauhida, naye akaja mbio mpaka kwa kina Fairuz. Alimkuta barazani, na juu dirishani mamake Fairuz akikohoa kile kikohozi cha mlinzi.

"Umemwambia kweli?" Jasho lilikuwa limemloa. "Sheikhan nasali naye msikiti mmoja! Nitamtazamaje? Umenivua nguo mbele ya watu!"

"Unajisikiaje?"

"Nini?"

"Kuvuliwa nguo bila kuulizwa. Unajisikiaje, Muhdhar?"

Muhdhar alijifuta jasho kwa kiganja.

Fairuz alivua pete akaiweka juu ya baraza, katikati yao.

"Mpelekee mamako. Na ukija tena kwetu usije na maneno."

Siku zilizofuata zilikuwa nzito. Fairuz aliwapigia maharusi wawili waliokuwa wamemwita, akawaambia wazi kwamba mashine yake ilitoka mikononi mwake pamoja na diski. Mmoja alimshukuru akatafuta mwingine. Wa pili akasema: "Njoo, lakini diski italala kwetu." Fairuz akasema haya, akaenda jikoni akalia akimenya vitunguu, apate kisingizio. Muhdhar hakupiga simu wala hakuandika. Kila ujumbe ukiingia moyo ulimruka, kisha akajikasirikia kwa kuruka huko, kwa sababu kumpenda alikuwa bado anampenda, na hilo ndilo lililokuwa likimkosesha usingizi.

Siku ya saba ilikuja simu ya Tauhida.

"Fairuz. Mtu wako alikuja hapa jana."

"Si mtu wangu."

"Haya, mtu. Alikuja peke yake, hata mzee wa kumwombea hakumleta. Nilikuwa nishamwambia Sheikhan, kwa hivyo ule mlango haukuwa mlango mwepesi. Akasema, 'Nimekukosea wewe na nyumba yako.' Sheikhan alimshika shati, nikadhani anamtupa ngazini. Yule bwana akasimama tu, mikono chini."

"Kisha?"

"Kisha nikasema naye mimi, niko nyuma ya pazia. Nikamuuliza kwa nini alitazama mpaka mwisho. Akasema, 'Sina jibu, dada.' Nami nilishajiandaa kumrarua kwa jibu lolote atakalotoa! Sasa mtu asiye na jibu utamrarua wapi?"

Fairuz alijikuta anatabasamu huku machozi yanamtoka.

"Umemsamehe?"

"Bado. Siku nikisamehe nitakwambia. Ila usiikatae pete yake kwa ajili yangu. Kichwa changu nitakitetea mwenyewe."

Muhdhar alikuja Ijumaa baada ya sala. Alisimama chini ya baraza, kanzu imepigwa pasi, uso umekonda. Akasimama. Akaendelea kusimama.

"Mbona husemi?" Fairuz aliuliza.

"Uliniambia nisije na maneno."

Juu dirishani mama alikohoa, lakini safari hii kama kicheko kilichokabwa.

"Sikiza basi," Fairuz alisema. "Tukioana, video ya kupamba kwangu hutaiona. Si mwaka huu, si tukiwa na wajukuu. Hata nikifa kabla yako, itakwenda kwa wanawake wa kwetu."

"Hata ulivyopendeza wewe, mke wangu?"

"Hata mimi."

Muhdhar aliitazama njia nyembamba mpaka mwisho wake, pale watu wanapopishana kwa kugeuza mabega.

"Nimekubali," alisema.

"Usikubali haraka."

"Si haraka. Nimeona nilivyoangaliwa na Sheikhan pale mlangoni. Sitaki kumwangalia mwanamume mwingine hivyo, wala niangaliwe hivyo tena. Nimekubali, Fairuz."

Alimpa pete. Fairuz aliishika kwanza kiganjani, kitambo kirefu, kisha akaivaa mwenyewe. Hakumpa kidole avishe, na Muhdhar hakuomba.

Shaaban ilipoingia kukazuka swali ambalo hakuna aliyelifikiria: mpiga video akiwa ndiye bibi harusi, kamera atashika nani? Fairuz alikuwa ameshakata tamaa, akasema kupamba kwake kutapita bila picha. Siku yenyewe, anapakwa wanja, Tauhida akaingia akikunja mikono ya nguo. Nywele zake zilikuwa zimefika masikioni, na hakuzifunika.

"Nionyeshe pa kubonyeza," alisema. Salamu hakutoa.

Fairuz alimwonyesha. Tauhida alipiga yote: nyimbo, asumini, mama akilia, na shangazi mmoja aliyecheza mpaka kiatu kikaruka kikatua kwenye sinia ya halua.

Kisha sauti ya mlangoni ikaita: "Jistirini! Bwana harusi aingia!"

Buibui zikavaliwa kwa fujo, ukumbi ukawa mweusi mara moja. Tauhida alizima kamera, akajifunika, akabaki amesimama kwenye kipandio cha kiti cha bibi harusi. Muhdhar aliingia na joho lake, macho chini, akahesabu hatua mpaka viatu vyake vikakutana na njia iliyozibwa.

"Bwana harusi," Tauhida alisema, na ukumbi mzima ukanyamaza. "Hutaki kujua mkeo amechezaje leo?"



Muhdhar hakuinua macho.

"Ataniambia mwenyewe," alijibu, "akipenda."

Tauhida alimwangalia kidogo. Akasogea pembeni, njia ikafunguka, na vigelegele vikapanda. Katikati ya kelele zile aliinama, akaleta mdomo kwenye sikio la Fairuz.

"Nimesamehe," alisema. "Nilikwambia nitakwambia."