Kimya cha Sekunde Arobaini

Uvumi aliupata kwenye foleni ya sukari, Mtaa wa Sikukuu, na tangu siku hiyo haukumtoka.

"Gerezani kuna duka la redio," alisema mama mmoja mbele yake, kikapu mkononi. "Kila Jumamosi vijana wanajifungia humo na Mzungu. Wanapigiwa muziki wa ajabu. Hauna ngoma, hauna gitaa. Wakitoka hapo hata salamu hawaitikii."

"Muziki gani huo usio na ngoma?"

"Jirani anasema ni kama paka kafungiwa kabatini."

Foleni nzima ilicheka. Benedikta Milanzi hakucheka.

Binti yake Hyasinta, mpiga taipu, miaka ishirini na miwili, mtoto pekee, alikuwa akitoka kazini Jumamosi saa sita na kurudi nyumbani magharibi. Ulikuwa wapi? Kwa rafiki, mama. Rafiki gani? Anaingia chumbani.

Mtaani Benedikta alijulikana kama mshonaji. Cherehani aina ya Singer barazani, futi ya kupimia shingoni, pini mdomoni. Watu hawakujua kwamba kwenye droo ya cherehani ile ililala bastola aina ya Makarov. Hawakujua kwamba kuna watu wachache, wachache sana, waliomwita Mkasi.

Jumamosi hiyo ya Agosti 1976, saa saba na robo, redio ya mkononi ilikwaruza chini ya mabaki ya vitambaa.

"Mkasi, Mkasi. Kitambaa kimechanika."

Mguu wake ulisimama juu ya pedali.

"Upande gani?"

"Kusini."

Akaingia ndani, akafunga mlango. Kitambaa kuchanika maana yake ni siri kuvuja, na kusini ni wapigania uhuru. Na aliyeongea alikuwa Mzee Tarsis, mkuu wake, mtu asiyepoteza neno.

"Kuna Mzungu anaitwa Voss," alisema Tarsis. "Anajifanya mtafiti wa muziki wa sinema za zamani. Ni mtu wa makaburu. Anaruka saa kumi na nusu. Kwenye begi ana rili ya tepu, na ndani ya rili kuna safari ya malori yetu ya Jumatatu. Dereva aliyemuuzia siri tunaye, kakamatwa asubuhi. Ila hajui imefichwa vipi."

"Nimelipata. Namfuata."

"Subiri. Voss alipitisha boksi forodha jana. Juu ya boksi kuna saini. Ya Mtanzania."

"Nani?"

Redio ilikwaruza.

"Hyasinta Milanzi."

Benedikta alishika ukingo wa kitanda.

"Hati ya kumkamata iko mezani kwangu, Benedikta." Miaka tisa ya kazi, hakuwahi kumwita kwa jina redioni. "Anapiga taipu ofisi ya malori hayo hayo. Nani ataamini hajui kitu? Nakupa mpaka saa kumi. Niletee rili yenyewe, inionyeshe kwa macho kwamba ni kazi ya Voss. Maneno ya mama sitayapokea. Saa kumi na dakika moja Land Rover inakuja kwako."

Tarsis alizima.

Hasira ilimpanda kutoka nyayoni. Alimkasirikia Voss. Alimkasirikia mtoto. Zaidi ya wote alijikasirikia yeye, anayefuatilia nyendo za watu mji mzima na hajui Jumamosi mwanawe anaketi kiti gani.

Makarov kiunoni. Kitenge juu yake. Vespa ya kijivu ikanguruma.

Mtaa wa Msimbazi ulijaa mikokoteni na basi lililoharibika katikati ya njia. Alipanda juu ya ukingo wa barabara. Muuza mihogo alimtukana. Alimrudishia tusi bila kupunguza mwendo.

Gerezani. Duka la uvumi wa foleni, la Saif, fundi redio. Mlango umefungwa, pazia limeshushwa.

Alipiga teke.

Ndani, vijana watano walikaa juu ya makreti ya soda, macho wameyafumba. Ukutani santuri zilipangwa kama vitabu vya msikitini, kila moja imevalishwa mfuko wa kaki. Katikati, Hyasinta alisimama kando ya mashine ya tepu aina ya Grundig, na kwenye spika kitu kilikuwa kinalia. Kilikwaruza, kikanyong'onyea, kikarudi nyuma kama mtu anayemeza maneno yake.

"Zima!"

"Mama?"

"Zima nimesema, kabla sijaizima kwa nyundo!"

Mzee Saif aliinuka, kofia mkononi. "Bi Benedikta, karibu, mbona unaingia kwa vita—"

"Usinikaribishe! Mtu mzima, una wajukuu, unafungia watoto wa watu ndani na jasusi! Balozi wa nyumba kumi anajua una mgeni hapa kila Jumamosi?"

"Hakuniuliza."

"Na wewe hukumwambia!"

"Jasusi?" Saif aliketi tena, taratibu. "Audhubillahi. Yule bwana wa santuri?"

Vijana watano walikuwa wameshafika mlangoni. Aliwaacha waende. Akamgeukia binti yake.

"Ulisaini nini?"

Hyasinta alijaribu kueleza. Santuri hizi za muziki wa sinema za kutisha zilikuwa adimu. Mzee Saif aliziokota miaka ya nyuma, kwenye stoo za majumba ya sinema, wakati wenyewe wanazitupa. Akija mtu na santuri mpya, klabu yao ya Jumamosi inainakili kwenye tepu, na anayenakili anaandika jina lake juu ya boksi, ili nakala ikiwa mbovu ajulikane wa kulaumiwa.

"Kwa hiyo rili ya Voss uliinakili wewe?"

"Hapana, mama. Alikuja nayo tayari. Aliniomba niandike jina tu. Alisema boksi la klabu halisumbuliwi forodha."

"Na wewe ukaandika."

"Aliniahidi santuri moja, mama. Zipo mia mbili tu duniani."

"Mia mbili!" Sauti ilimtoka Benedikta hadi vioo vya redio vikatetemeka. "Mimi ninaye mmoja! Mmoja, Hyasinta! Na leo saa kumi wanakuja kumchukua!"



Mzee Saif alikohoa. "Mwambie mama yako ile nyingine."

"Ipi?" Benedikta alifoka.

"Niliinakili," alisema Hyasinta, macho chini. "Rili ya Voss. Kabla sijamrudishia na boksi lake. Hakuniona."

"Hakuna mkusanya santuri anayeacha kitu adimu kitoke mlangoni bila kubaki na nakala," Saif alisema, kama mtu anayeungama. "Ndio ugonjwa wetu."

"Iweke."

Hyasinta alivalisha rili kwenye Grundig. Mkanda aliupitisha mahali pake bila kukosea.

"Ni sinema ya zamani," alinong'ona. "Mtu kajificha chumbani, muuaji anapanda ngazi. Mtunzi hakutaka fidla za kawaida. Hiyo ni bilauri zenye maji, zinasuguliwa ukingoni. Hilo ni gurudumu la baiskeli, linakwanguliwa kwa upinde wa fidla. Na sasa ameigeuza tepu, inakwenda kinyume."

Benedikta hakutaka kusikia. Alisikia. Bilauri zililia mbali, kisha karibu, kisha nyuma ya shingo yake. Vinyweleo vya mikono vilisimama. Alijua sauti ile. Ilikuwa ile anayoisikia kifuani kila anaposimama nje ya mlango asiojua nani yuko ndani, na hakuwahi kufikiri kwamba kuna mtu aliyeweza kuinasa.

Ghafla muziki ukakatika.

"Muuaji kafika mlangoni," alisema Hyasinta. "Hapa mtunzi ananyamaza sekunde arobaini. Hapa ndipo watu walikuwa wanazimia kwenye viti. Kwenye santuri ya Mzee Saif, ile ya toleo fupi, hapana hata chembe ya sauti. Sasa sikiliza hii."

Aliinua sauti hadi mwisho.

Ti. Ti-ti-taa. Ti.

"Nilimwambia Voss kimya chake kina uchafu. Alicheka. Akasema, nani anasikiliza mahali pasipo na kitu?"

Benedikta alishachomoa penseli. Aliandika juu ya kreti, nukta na mistari, akigeuza herufi moja baada ya nyingine.

Malori kumi na nane.

Jumatatu.

Kivuko cha Rufiji, saa kumi na moja alfajiri.

Mzee Saif alisoma, akaweka kiganja juu ya paji la uso. "Wangewapiga wakiwa katikati ya maji."

"Mpumbavu," alisema Benedikta. Voss angeificha milio ile ndani ya makelele ya bilauri, hakuna sikio duniani ambalo lingeigundua. Aliona kimya ni uwanja mtupu, akajenga hapo. "Nipe hii rili nimpelekee mkuu wangu."

"Hiyo itanimaliza mimi, mama. Ni mkono wangu na mkanda wangu. Atasema nimeitengeneza." Hyasinta alikuwa analia sasa, lakini alieleza kifundi. "Rili ya Voss ina maungio mawili. Kakata kile kimya, kapachika kipande cha mkanda wa kijivu. Sisi hapa tuna wa kahawia tu. Wa kijivu haupo nchini. Anao yeye, kwenye mashine yake."

"Yuko wapi?"

"Kariakoo, shimoni. Alisema anapitia karafuu na iliki kabla ya ndege."

"Kaa hapa."

"Sura yake unaijua?"

Benedikta alimtazama. Hakuijua.

"Panda Vespa. Na usiniongeleshe."

Saa nane na dakika hamsini.

Soko la Kariakoo, chini kabisa, kwenye soko la jumla. Joto, saruji, harufu ya vitunguu na ndizi. Wapagazi walipita na magunia wakipiga kelele, "Njia! Njia!" Hyasinta alimfinya mama yake mkono.

"Yule. Shati la kaki."

Voss alikuwa ananusa iliki. Mrefu, begi la ngozi begani. Alipomwona Hyasinta alitabasamu meno yote.

"Hyasinta! Umekuja kuniaga?"

"Kaja na mama yake," alisema Benedikta.

"Oh. Shikamoo, mama."

Hakumwitikia. "Fungua begi."

Tabasamu liliondoka. Mkono wa kulia ulitoka na bastola aina ya Walther, imefunikwa nusu na leso. Mkono wa kushoto ulitoka na kipande cha chuma cheusi, kikubwa kama chapati.

Sumaku.

"Mama ni mtu wa kazi, naona," Voss alisema polepole, kwa Kiswahili cha kitabuni. "Nikiipitisha hii juu ya rili, sauti zote zinafutika. Hutakuwa na ushahidi juu yangu. Litabaki boksi lenye jina. Jina hilo si langu."

Makarov ilikuwa kiunoni. Lakini nyuma ya Voss wamekaa akina mama sita na matenga ya nyanya, mmoja ananyonyesha. Risasi ikipita bega la Voss inakwenda kwao.

Sumaku ilianza kushuka kuelekea begi.

Benedikta alivuta pumzi, akafanya kile ambacho mama yeyote wa Kariakoo angefanya.

"Mwiziiii!"

Shimo zima liligeuka.

"Mwizi! Mzungu mwizi! Kamwibia mwanangu!"

Gunia la vitunguu lilitua mgongoni kwa Voss kabla hajajua limetokea wapi. Walther iliteleza chini ya meza ya dagaa. Wapagazi wanne walimrukia. Sumaku ilimponyoka, ikaenda kunata kwenye mizani ya chuma kwa mlio wa kengele, na muuza mchele akabaki anaivuta kwa mikono miwili huku anatukana. Hyasinta alijitupa kwenye saruji, akalikumbatia begi kwa tumbo.

"Mpige! Mchome!" umati ulipaza sauti.

Sasa kazi ilikuwa ngumu zaidi. Benedikta alijipenyeza, akasimama juu ya Voss, miguu huku na huku.

"Basi! Atakayemgusa tena namshona mdomo! Nataka awe hai, aongee!"

Mpagazi mmoja alicheka. Alipoiona Makarov aliacha.

Voss alikuwa anatoka damu puani. "Mimi ni mpenzi wa muziki tu," alisema. "Mwulize binti yako."

"Wewe?" Hyasinta aliinuka, vumbi hadi kwenye nyusi. Benedikta hakuwahi kumwona mwanawe na hasira kama ile. Ilikuwa yake mwenyewe, ikimwangalia kwa macho mengine. "Umekata kimya, ukaweka malori! Muziki gani unaupenda wewe?"

Benedikta alifungua rili, akavuta mkanda hadi karibu na mwisho. Kahawia. Kahawia. Kijivu. Kahawia.

Akachukua redio.

"Mkasi kwa Kiwanda."

"Sema."

"Kitambaa kimeshonwa. Maungio mawili, mkanda wa kijivu, mwenyewe yuko chini ya mguu wangu. Malori yabadilishiwe njia."

"Na binti?"

"Atakuja kueleza kwa miguu yake. Land Rover mleteeni Mzungu."



"Saa tisa na dakika kumi," alisema Tarsis. "Umebakiza muda."

Saa kumi Tarsis aliinua mkanda kwenye mwanga wa dirisha, akautazama mara mbili, akaichana hati vipande vinne. Hyasinta aliondolewa ofisi ya malori wiki ile ile, akapelekwa kupiga taipu idara ya misitu. Hakulalamika. Kwenye begi la Voss hapakuwa na santuri yoyote. Hakuwahi kuwa nayo.

Jumamosi iliyofuata Benedikta alisimamisha Vespa mbele ya duka la Saif. Mlango ulikuwa wazi, pazia limefunguliwa, na bilauri zilikuwa zinalia hadi barabarani. Alibandika karatasi mlangoni kwa pini nne za cherehani. Alisimama hapo hadi kimya kilipofika, akakihesabu hadi arobaini. Kisha akafunga kitenge vizuri, akawasha Vespa, akaondoka bila kuaga mtu.

Karatasi ilisema:

USIANDIKE jina lako juu ya boksi ambalo hukulinakili wewe.

USIPOKEE ahadi ya santuri. Pokea santuri.

USIFUNGE mlango wakati wa muziki.

USIMKARIBISHE mgeni ambaye balozi wa nyumba kumi hamjui.

USIMPE tepu mtu anayecheka ukimwambia ina kasoro.

USITAJE mambo ya ofisini mbele ya mtu unayemjulia hapa tu.

USIMWAMBIE mama yako uko kwa rafiki. Mwambie uko hapa.

Atakasirika. Mwambie hivyo hivyo.