Madirisha Siku ya Kipaimara

Kabla hakujapambazuka, kifuniko cha sufuria kilikuwa kikigongagonga jikoni kwa Hilda, kijijini Endasak. Uji ulikuwa unachemka. Mjukuu wake Brightness, wa miezi mitano, alilala mgongoni kwa mama yake, Rogathe.

Ilikuwa siku ya kipaimara. Ukumbi wa kanisa ulijaa hadi mlangoni. Mwezi wa saba upepo wa mlima Hanang unakata masikio, hivyo Hilda akawaagiza vijana wafunge madirisha yote.

Jirani yao Theodory, mwimbaji wa sauti nzito ya besi kwayani, alifika akikohoa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu," Hilda akaitikia.

"Kaka Theodory, si ungepumzika nyumbani?" Rogathe aliuliza.

"Halafu besi uimbe wewe? Hili ni vumbi la mahindi tu, tumepukuchua wiki nzima."

Watu wakacheka. Theodory akaketi nyuma yao, akaimba, akakohoa, akaimba tena. Rogathe akainuka atoke na mtoto.

"Kaa, mwanangu," Hilda akamwambia. "Upepo wa nje ndio unaoleta kifua."

Ndugu zangu, alisema hivyo kwa upendo. Upendo nao hukosea.

Siku ya nne Brightness aliacha kunyonya. Kila akivuta pumzi, mbavu zilibonyea. Patriki wa bodaboda alivua koti lake, akawafunika mama na mtoto, akaendesha taratibu kwenye makorongo hadi kituo cha afya. Hilda akawafuata kwa bodaboda nyingine. Muuguzi akamwekea mtoto oksijeni.

"Ni virusi, bibi. Mlikuwa kwenye mkusanyiko?"

"Kipaimara. Tulifunga madirisha, baridi isimpate."

"Mngemvika tu nguo nzito. Mlikifungia ndani kikohozi, watu wote wakakivuta. Tangu juzi napokea wagonjwa wa ukumbi huo."

Hilda akasogea kitandani. Alishika unyayo wa mtoto siku mbili, mpaka Brightness aliponyonya tena.

MAFUNZO

Hewa iliyofungiwa na watu wengi hubeba ugonjwa wa mmoja hadi kwa wote. Tunapokusanyika, tufungue madirisha na kuwavika watoto vizuri. Mtoto akihangaika kupumua, apelekwe kwenye matibabu siku hiyohiyo. Anayekohoa abaki nyumbani, wala tusimcheke wala kumnunia. Kumwambia mgonjwa apumzike si kumfukuza. Mtoto aliporudi nyumbani, Theodory aliwaletea maziwa, akasimama mbali na mlango, kitambaa mdomoni, hakuthubutu kusogea. Hilda akamwambia, "Asante, mwanangu. Kikohozi kikiisha, uje ututembelee tena."