Ndimu kwa Doa la Kanzu

Jumamosi ile soko la Mgandini lilikuwa limefurika. Muuza pweza ananadi upande huu, muuza vitunguu anamjibu upande ule, na katikati yao Zuwena anapenya na kikapu chake cha ukindu, baibui limemkaa sawasawa, mtandio wa samawati umeuzunguka uso wake mwembamba. Alikuwa akitafuta choya, na wala si ya kunywa.

"Nipimie kilo tatu," alimwambia kijana aliyesimama nyuma ya magunia ya viungo.

"Kilo tatu, bibie? Kuna arusi sikualikwa?"

Kijana mwenyewe aliitwa Mohsin. Mrefu, ndevu zimechongwa, kanzu nyeupe pe, na jinsi alivyoishi katikati ya pilipili na karafuu bila kuichafua ilikuwa ajabu ya soko zima.

"Hakuna arusi. Wanafunzi wangu wanaitaka maabara, wakaitie magadi."

Mohsin akacheka mpaka mama wa chai aliyekaa jirani akageuka. "Magadi kwenye choya! Mwalimu, magadi ni ya maharage."

Zuwena hakuwa mtu wa kuchekwa akanyamaza. Akaomba kikombe cha maji ya moto kwa mama wa chai, akatumbukiza maua matano ya choya, akasubiri. Maji yakawa mekundu. Kisha akachota chembe ya magadi kwenye gunia la Mohsin mwenyewe, akaidondosha. Wekundu ukatetereka, ukapita kwenye zambarau, ukatulia kwenye kijani cha kiza.

"Laa ilaha illa Llah!" Mohsin aliinama mpaka pua ikakaribia kikombe. "Miaka tisa nauza kitu hiki. Wewe mwalimu au mganga?"

"Mkufunzi wa maabara ya kemia. Ukitia ndimu, ua hili linazidi kuwa jekundu. Ukitia magadi, linageuka kijani. Dawa za kupimia tunazoagiza zinachelewa, na mimi sitaki vijana wa mwaka wa kwanza wa shahada wakariri rangi ubaoni. Nataka wazitengeneze kwa mikono yao, wazione zikigeuka."

"Na mimi nikitiwa magadi nitageuka rangi gani?"

"Koma wee!" alisema Zuwena, lakini mashavu yalikwisha kumsaliti.

Basi simu zikaanza. Chuo kiko njia ya Pongwe, soko liko mjini, lakini umbali ule uliliwa na simu.

"Habibti, nimekuwekea maganda ya vitunguu vyekundu. Yanafaa?"

"Yanafaa. Ila naona unanitongoza kwa takataka."

"Wenzangu wanatoa mawaridi yananyauka. Yangu yanakwenda chuo kikuu."

Wakaendelea hivyo miezi minane. Mohsin akajua kipi kinageuka kwa ndimu na kipi kwa magadi, na Zuwena akajua kutofautisha karafuu ya Pemba na ya kwingine kwa kunusa tu. Hatimaye ikapangwa: Ijumaa baada ya swala, Ami Luay, baba mdogo aliyemlea Mohsin tangu baba yake alipofariki, angekwenda Nguvumali kupeleka posa kwa Bi Harusi, shangazi yake Zuwena.

Kitu kimoja tu kilimkera Zuwena, naye hakukisema. Watu walizoea kumwambia kwamba jamaa wa akina Mohsin, wenye asili ya Omani, huoana wenyewe kwa wenyewe, mtu na binti ami yake. Na wiki ileile ya posa, akashuka kutoka Maskati Shahd, binti wa Ami Luay. Mzuri, mcheshi, hachezi mbali na duka.

Jumatano alasiri Zuwena alikwenda kuchukua manjano ya unga kwa somo la kesho yake. Mlangoni akapishana na Shahd anatoka, abaya ya hariri inamfuata kama maji, midomo imekolezwa rangi ya damu ya mzee, anacheka peke yake. Ndani, Mohsin alikuwa na wateja watatu. Na begani, kwenye kanzu ile isiyochafuka, palikuwa na doa. Damu ya mzee ileile.

"Mohsin, nini hicho begani?"

Akajitazama. "Aa, manjano hayo. Nilikuwa nakupimia yako, mfuko ukapasuka. Nikapangusa na sabuni ya mche, ndiyo kwanza ikaharibika."

"Manjano."

"Wallahi manjano."

"Manjano ni njano, Mohsin! Mtoto wa chekechea anajua. Hiyo ni rangi ya mdomo, na mwenye mdomo nimepishana naye sasa hivi."

Wateja wakageuka. Mmoja akajifanya anachagua iliki.

"Zuwena, taratibu. Watu wanasikia."

"Wasikie! Usinifundishe rangi, rangi ndiyo kazi yangu. Mimi mwenyewe nimeyajaribu manjano, hayageuki. Wewe ni muongo."

Mohsin hakupandisha sauti. Alikunja mdomo wa mfuko, akaufunga kwa uzi, akausukuma mpaka mbele ya Zuwena. "Manjano yako haya," alisema, kisha akamgeukia mteja wa iliki.

Jioni Zuwena alimwambia shangazi yake wageni wasije.

"Zuwena! Nimeshaazima masinia ya watu."

"Yarudishe."

Bi Harusi akapiga simu kwa Ami Luay, akaupaka ujumbe asali yote aliyonayo. Mzee akajibu neno moja tu: "Kheri." Simu ikakatwa.

Alhamisi saa nne asubuhi Zuwena alisimama maabara, koti jeupe, macho mazito kwa kukosa usingizi. Mezani vikombe vya choya vilishageuka kila rangi, vijana wamechangamka. Palibaki vipande vya karatasi vilivyochovywa kwenye manjano na spiriti, vikakauka. Hivi aliviweka kwa kulinganisha tu. Alikuwa ameyatia manjano ndimu, yakabaki njano, basi kwenye mwongozo wa somo akayaandika upande wa rangi zisizogeuka.

"Andikeni mlichokiona," aliwakumbusha, kama alivyowakumbusha kila wiki. "Msiniandikie mnachodhani nakitaka."

Alipita meza kwa meza. Haigeuki, ameandika Noa. Haigeuki, ameandika Anold. Bertha hakuwa ameandika kitu. Alikuwa amefunika karatasi yake kwa kiganja.

"Bertha, vipi?"

"Madam, naogopa kuandika."

"Unaogopa nini?"

"Wewe umesema haigeuki. Na hii... nilitia maji ya sabuni, imegeuka."

"Ya kwetu pia imegeuka, Madam," Anold akakiri, akijikuna kisogo. "Tukaona tumekosea sisi. Mwongozo umeuandika wewe."

Bertha akaondoa kiganja. Ile karatasi ya njano ilikuwa na tone katikati, jekundu lililoiva, linaelekea kahawia.

"Nimekosa jina lake," alisema Bertha. "Niandike damu ya mzee?"

Zuwena alishika ukingo wa meza. Alikuwa ameyatia manjano ndimu. Magadi hakuyatia, wala sabuni. Alifanya nusu ya jaribio, akatangaza jibu zima, na kwa jibu hilo akamwita mtu muongo mbele ya wateja wake.

"Andika hivyohivyo," alisema. "Nyote futeni mlichoandika. Aliyekosea ni mimi."

Alimpigia Mohsin mara nne. Haikupokelewa. Kipindi kilipokwisha akachukua bodaboda mpaka mjini, koti la maabara bado mwilini, ndimu tatu mkobani.

Dukani alimkuta Shahd peke yake, anapima mdalasini.

"Karibu, wifi," alisema Shahd, bila kejeli.

"Usiniite wifi. Hukusikia nilichokifanya?"

"Nimesikia, soko zima limesikia. Dada, ungeniuliza. Mama yake Mohsin ndiye aliyeninyonyesha mama yangu alipougua. Tumenyonya ziwa moja, yule ni ndugu yangu. Hata angetaka kunioa, dini ingemkataza. Na mume wangu Maskati angemkataza zaidi." Akainama chini ya meza, akatoa kanzu iliyokunjwa. "Nilitaka kuifua hii. Akasema isiguswe, atakuja kuifua aliyeliita doa rangi ya mdomo."

Mohsin aliingia kutoka swala ya adhuhuri, kofia yake iliyodariziwa mkononi. Alipomwona akasimama kizingitini. Wateja walikuwepo, na yule wa iliki alikuwa amerudi, sijui kufuata iliki au kisa.

Zuwena akatandaza bega la kanzu juu ya meza, akakata ndimu, akakamua juu ya doa. Wekundu ukakimbia kutoka katikati kwenda pembeni. Likabaki doa la njano, njano ya wali wa biriani ya arusi.

"Rangi gani hiyo?" Mohsin aliuliza.

"Njano."

"Mtoto wa chekechea anajua."

Alisema hivyo bila kucheka. "Rangi umeirudisha, Zuwena. Na lile neno?"

Zuwena akawageukia wateja. "Jamani, jana nilisimama hapahapa nikasema huyu ni muongo. Alisema kweli. Mwenye makosa ni mimi, na mlioyapeleka yale, pelekeni na haya."

"Yatafika, mwaya," alisema wa iliki.

Mohsin akavaa kofia yake taratibu. "Kwangu yamekwisha. Lakini Ami ameambiwa asije, na yule harudii safari aliyorudishwa. Mimi siwezi kumwomba."

"Nipe namba yake."

"Wewe? Mwanamke ampigie mposaji?"

"Mimi ndiye niliyemfukuza."

Simu iliita mara moja.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba. Nani?"

"Zuwena, niliyekataa posa. Nilimdhania Mohsin vibaya, nami nimethibitisha kuwa nilikosea. Naomba mje."

Shahd aliacha kupima mdalasini.

"Ndiko huko chuoni mnakofundishwa wasichana kujiposea?" mzee akauliza.

"Hapana, Ami. Tunafundishwa kukiri jaribio likiharibika."

Kikasikika kitu, kikohozi labda, labda kicheko. "Ijumaa nimeshaigawa kwa mambo yangu. Nitakuja Jumapili. Na asinipigie mtu simu tena kabla yake."

Mohsin akaegemea gunia la karafuu kama mtu aliyetua mzigo. "Roho yangu," alisema polepole, "siku nyingine nikichafuka, anza na ndimu."

Jumapili Nguvumali ilinukia udi. Masinia yaliazimwa upya, Bi Harusi amejifunga kanga mpya ya kisutu, anachungulia wageni nyuma ya pazia. Akamvuta Zuwena mkono kwa nguvu.

"Hebu tazama balaa hili! Bwana arusi kaja na kanzu ina doa la njano begani. Hivi kwao hawana sabuni?"

Zuwena akajibana kinywa kwa mtandio, mabega yanacheka.

"Wanayo, Shangazi. Ndiyo iliyotaka kunikosesha mume."