Kibali cha Mjomba

Saa tatu asubuhi, Jumamosi, binti wa fundi cherehani alisimama juu ya kigoda dukani mwa mama yake. Alivaa gauni jeupe lenye mkono mmoja; wa pili ulikuwa bado mezani. Mama alipima pindo, pini zikiwa mdomoni. Harusi ilikuwa wiki mbili mbele.

Mteja aliingia kuchukua sketi yake. Alikuwa msajili wa ndoa.

"Hongera, bibi harusi. Nani atawafungisha?"

"Mjomba. Baba alipofariki, yeye ndiye aliyenilea. Bila yeye siolewi."

"Mjomba wako yule mchungaji? Si alitoka kanisani kwake mwaka jana?"

Mama alitema pini kiganjani. "Alitoka, akaanzisha lake. Kwani kuna ubaya?"

"Ubaya hakuna, shoga yangu. Ila kwa sheria yetu, si kila mchungaji anaruhusiwa kufungisha ndoa. Lazima kanisa lake liwe limesajiliwa. Kanisa hilo ndilo humwombea kibali na kuthibitisha kwamba ni mtumishi wake. Akitoka, kibali kinakoma."

"Na akifungisha hivyo hivyo?"

"Mtaimba, mtakula, mtacheza. Lakini ndoa hiyo sitaweza kuisajili. Na yeye anaweza kushtakiwa."

Mjomba aliitwa kwa simu. Alifika na tai shingoni na sauti ya mimbarini.

"Dada, nimefungisha ndoa miaka na miaka! Mafuta niliyopakwa yamefutika lini?"

"Hayajafutika, mchungaji," msajili alisema. "Mafuta ni ya Mungu, huko mimi simo. Kibali ni cha sheria. Umefungisha ndoa yoyote tangu utoke?"

"Hii ndiyo ya kwanza."

"Basi umepona. Sajili kanisa, kisha liombe kibali chako. Ila itachukua miezi."

"Basi tuahirishe," binti alisema.

"Kadi zimeshagawiwa, wewe!" mama alimaka. "Unataka nizunguke mtaa mzima nikizikusanya kama chupa tupu?"

Mjomba alilegeza tai. "Niliona uchungaji na kibali ni kitu kimoja. Sikuwahi kuuliza." Alimgeukia msajili. "Kuhubiri nako kunahitaji kibali?"

"Hapana. Hubiri, omba, wabariki. Mwenye kibali ndiye atakayepokea viapo na kusaini cheti."

"Na kunishika mkono kuniingiza kanisani?" binti aliuliza.

"Hilo halina sheria."

"Basi utaolewa siku ile ile, mwanangu," mjomba alisema.

"Na mahubiri yawe mafupi," mama aliongeza. "Hapo ndipo ingefaa kuwe na sheria!"

Jumatatu mjomba alirudi kwenye kanisa alilolihama. Alikuwa ameondoka kwa maneno makali. Safari hii alibisha hodi na kuomba radhi. Mchungaji aliyeshika nafasi yake alikubali kufungisha ndoa. Kabla ya kuendelea, mama alimuuliza msajili, naye akathibitisha kwamba kibali cha mchungaji huyo ni hai.

Siku ya harusi, binti aliingia akiwa ameshikwa mkono na mjomba wake. Mjomba alihubiri. Mchungaji mwenye kibali alipokea viapo. Alisaini cheti pamoja na maharusi na mashahidi.

Jumatatu iliyofuata, msajili aliisajili ndoa hiyo. Siku hiyo hiyo, kwenye ofisi ya kusajili makanisa, mjomba alisimama foleni akiwa na maombi ya kusajili kanisa lake.