Laptop Iliyonuka Ugoro

Laptop ya kwanza ilinuka ugoro. Mhina aliiwasha mezani, nyumbani kwao Kwamndolwa, na feni ilipoanza kuvuma ikatoa harufu kali ya tumbaku ya kunusa. Humo ndani hakuna aliyegusa ugoro tangu bibi yake, Bibi Afisa, aliyekuwa akiunusa, azikwe kule Kwaluguru. Kisha kioo kikawa cheusi.

"Betri hiyo," alisema Mhina. Hakuwa mtu wa kukubali kushindwa na mashine.

Mdogo wake Tatu alikuwa karibu kwenda chuoni, ambako kazi zote hukusanywa mtandaoni, na asiye na kompyuta yake huachwa nyuma. Wazazi hawakuwepo tena. Bibi ndiye aliyemlea, na sasa mzigo wote ulikuwa wa Mhina, mwalimu wa hesabu, aliyeulizia mambo ya RAM na SSD mpaka walimu wenzake wakawa wanamkwepa. Akairudisha laptop mjini Korogwe kwa fundi Valentino, aliyemuuzia. Fundi akabonyeza, ikawaka.

"Nzima hii, kaka. Umeme wa kwenu ndio mbovu."

Akampa nyingine, iliyotumika lakini imara, RAM nane, betri mpya. Nyumbani ikazima. Dukani ikawaka. Ya tatu vivyo hivyo. Hakuna kinachoudhi kama ugonjwa unaopona ukifika hospitali, na Mhina alifikia kupiga meza ngumi na kumfokea Tatu, ambaye hakuwa na kosa lolote.

"Njoo uone kwa macho yako!" akamwambia Valentino kwenye simu.

Valentino alikuja alasiri na laptop ya nne, akicheka. Akaiwasha bila kuichomeka kwenye umeme, ikawaka, akamgeukia Mhina ili amsute, na hapo hapo harufu ya ugoro ikajaa chumba kizima, na kwenye spika, ambazo hakuwa amefungulia kitu chochote, kikatoka kikohozi kikavu cha mtu mzee, kikarudia tena karibu zaidi, halafu vitufe vikaanza kushuka vyenyewe, kimoja kimoja, taratibu, kama vinabonyezwa na kidole kisichojua kuandika, mpaka kioo kikafa na chumba kikawa baridi.

"Kaka," Valentino alinong'ona akirudi kinyumenyume, "hiki si kirusi." Akatoka mbio, mashine akaiacha.

Tatu alikuwa analia. "Ni Bibi. Nilikwambia siku ile umwache mtani."

Siku ya mazishi, mzee Valerian, Mnyamwezi aliyezaliwa kambi ya mkonge, mtani wa Wazigua, alilala njiani mbele ya jeneza kama desturi inavyotaka, akaanza kumtukana marehemu ili watu wacheke na marehemu aende kwa amani. Mhina aliona haya mbele ya walimu wenzake, akaamuru mzee abebwe kama gunia. Bibi akazikwa bila kutaniwa.

Kesho yake baada ya fundi kukimbia, Mhina alimfuata Valerian, akiwa bado na hasira. "Shikamoo, mzee."

"Baki nayo. Mzigua mjinga, leo umenikumbuka?"

Lakini alikuja. Aliingia bila hodi, akasimama mbele ya laptop, ikaanza kukohoa.

"Nyamaza, Afisa! Mchoyo gani wewe? Sukari uliificha uvunguni ikaliwa na sisimizi, sasa unaficha mpaka mtoto asisome? Umekufa na meno mawili, mashine utaitafunia nini?"

Akaendelea, matusi yakazidi kuwa machafu, na Tatu, machozi yakiwa bado mashavuni, akaangua kicheko. Mhina naye kikamtoka. Halafu wote wakanyamaza ghafla, maana kwenye spika alikuwepo mwingine anayecheka.

"Haya," alisema Valerian. "Amefurahi huyo."

Harufu ikaisha. Laptop ikawaka, ikakaa. Tatu akaenda nayo chuoni, na Mhina akalala usingizi wa mtu aliyetua mzigo.

Haukupita muda mrefu, Tatu akapiga simu, sauti chini.

"Laptop haina shida, kaka. Ila wenzangu wamehama chumba."

"Kwa nini?"

"Bibi anacheka usiku. Namtania mpaka alfajiri, sisomi, silali. Nikinyamaza tu, mashine inaanza kukohoa." Akavuta pumzi. "Na utani umeniishia, kaka."